Gramu 4.00 za NaOH na lita 1 ya maji: kwa nini bado huna myeyusho sanifu

Swali: "Mimi ni mwalimu wa kemia na nimekabidhiwa maabara ya shule hivi karibuni. Kwa ajili ya mazoezi ya titresheni (kumimina asidi kidogo kidogo kwenye alkali mpaka zimalizane) nilipima gramu 4.00 za sodiamu haidroksidi (NaOH), nikaziyeyusha na kufikisha lita 1, nikaandika 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita. Asidi haidrokloriki (HCl) niliipata kwa kuzimua cm³ 8.6 za asidi iliyokolea ya asilimia 36 hadi lita 1, nayo nikaiandika 0.1 M. Kwa hesabu, cm³ 25.00 za NaOH zilipaswa kumaliza cm³ 25.00 za asidi. Natumia methili oranji kama kiashiria, yaani rangi ya kuonyesha mwisho, na kila nikirudia napata cm³ 23.10 za asidi. Mwenzangu mmoja anasema kosa ni la mizani yetu kwa sababu inasoma hadi gramu 0.01 tu. Mwingine ananishauri niongeze chembe chache za NaOH mpaka ifike 25, niendelee na kazi. Nimsikilize nani?"

Mwalimu, wote wawili waache kwanza. Kupata 23.10 mara zote ni habari njema: inaonyesha kwamba unajua kutumia pipeti (mrija wa kuchotea ujazo kamili), unajua kusoma bureti (mrija wenye vipimo na koki chini), na unaitambua rangi ya mwisho. Kasoro haiko mkononi mwako. Iko kwenye vibandiko viwili vya chupa, kwa kuwa chupa zote mbili zimeandikwa 0.1 M na hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwa myeyusho sanifu, yaani ule ambao ukolezi wake unajulikana kwa hakika.

Huo ushauri wa kuongeza chembe ndio wenye madhara zaidi, kwa hiyo nianze nao. Titresheni haikuambii ukolezi wa kitu chochote peke yake. Inakupa uwiano tu. Ukigawa 23.10 kwa 25.00 unapata 0.924, maana yake ukolezi wa NaOH yako ni asilimia 92.4 ya ukolezi wa asidi yako. Basi. Asidi yenyewe ina ukolezi gani? Jaribio hilo haliwezi kukujibu. Ukiongeza NaOH mpaka usome 25.00, utakuwa umezilazimisha chupa mbili zikubaliane, na saa mbili zinaweza kukubaliana zote zikiwa zimechelewa. Wanafunzi watafurahia namba nzuri, kisha siku watakapoitumia NaOH hiyo kupima asidi wasiyoijua ukolezi wake, jibu litakuwa na kosa na hakuna atakayejua limetoka wapi.

Tuangalie kwa nini gramu 4.00 hazikuwa gramu 4.00. Hesabu yako ni sahihi: moli moja ya NaOH ni gramu 40.0, kwa hiyo 0.1 ya moli ni gramu 4.00. Tatizo ni kwamba ulichoweka kwenye mizani hakikuwa NaOH tupu. Chembe zake hunyonya unyevu wa hewani kwa kasi ya kutisha. Ziache kwenye kioo cha saa kwa dakika chache uone zinavyoanza kung'aa, zikanata, kisha zikatengeneza kidimbwi chini yake. Maji hayo yote yanahesabiwa na mizani kama NaOH. Pia hunyonya kaboni dayoksaidi, na mbili hizo zinatengeneza kabonati: 2NaOH + CO₂ → Na₂CO₃ + H₂O. Kopo likishafunguliwa mara kadhaa, ndani yake mna mchanganyiko wa NaOH, kabonati na maji, na uwiano wake unabadilika kila unapofungua kifuniko. Ukinunua mizani ya kusoma hadi 0.0001 utapata uzito sahihi sana wa mchanganyiko huo huo usioujua.

Asidi nayo ina hadithi yake. Asilimia 36 iliyoandikwa kwenye chupa ni makadirio ya kiwandani. Ikiwa ni 36 kamili na densiti ni gramu 1.18 kwa cm³, ukolezi ni karibu 11.65 M, na cm³ 8.6 zinakupa 0.1 M kwa lita, kama ulivyofanya. Lakini asidi hii hutoa mvuke wa HCl kila chupa inapofunguliwa, kwa hiyo chupa ya zamani huwa imepungua. Ongeza na kwamba cm³ 8.6 umezipima kwa silinda, ambayo kosa la 0.1 au 0.2 ni la kawaida kabisa. Hapo tayari umepoteza asilimia moja au mbili.

Kwa hiyo kati ya vitu viwili ulivyotengeneza, hakuna hata kimoja kinachoweza kuwa sanifu kwa kupimwa tu. Unahitaji kitu cha tatu: dutu sanifu ya msingi. Hii ni dutu ambayo ukiipima kwenye mizani unajua kwa hakika umepata moli ngapi. Lazima iwe safi, isinyonye maji wala gesi za hewani kwa urahisi, isibadilike ikikaa, iyeyuke vizuri na iungane na mwenzake kwa uwiano unaojulikana. Ikiwa na uzito mkubwa wa moli ni bora zaidi, maana kosa la mizani linakuwa dogo kulinganisha na kiasi ulichopima.

Kwa maabara ya shule zipo tatu za kufikiria. Potasiamu haidrojeni thalati, ambayo wengi huiita KHP, ndiyo ningeichagua kwa NaOH kama ipo kabatini: moli moja ni gramu 204.2, haina shida na unyevu, na inakaushwa kwa nyuzi 110 hadi 120 tu. Kiashiria chake ni fenofthalini. Asidi oksaliki yenye maji ya fuwele (H₂C₂O₄·2H₂O, gramu 126.07 kwa moli) nayo inafaa, ila ni sumu, na usiikaushe kwenye oveni kwani itapoteza maji ya fuwele na hesabu yako yote itaharibika. Ya tatu ni kabonati ya sodiamu isiyo na maji, Na₂CO₃, gramu 106.0 kwa moli. Kwa hali yako ningeanza na hii, kwa sababu inapatikana kirahisi na kwa chumvi hiyo moja utasanifisha asidi, kisha asidi itakusanifishia NaOH. Angalia tu usichukue kabonati yenye fuwele kubwa, ile ya Na₂CO₃·10H₂O. Hiyo hupoteza maji yake ikikaa wazi, fuwele zinageuka unga mweupe juu, na huwezi kujua zimebaki na maji kiasi gani.

Sasa kuhusu mizani yako. Mwenzako ana hoja kidogo, ila dawa yake si kununua mizani. Ukitengeneza cm³ 250 za Na₂CO₃ ya 0.05 M unahitaji gramu 1.325; kosa la 0.01 hapo ni karibu asilimia 0.8. Ukitengeneza lita nzima unahitaji gramu 5.30, na kosa lile lile la 0.01 linashuka hadi asilimia 0.2. Kwa kuwa una flaski ya ujazo ya lita 1, tengeneza lita. Maji ya ziada ni rahisi kuliko mizani mpya.

Kausha kabonati kwanza. Tandaza gramu saba au nane kwenye bakuli la kauri na uipashe kwa nyuzi 250 hadi 270 za Selsiasi kwa saa moja. Kama oveni yenu haifiki huko, tumia moto mdogo wa jiko la gesi la maabara chini ya bakuli, ukikoroga kwa kijiti cha kioo, bila kuuacha unga uyeyuke. Utajuaje imekauka? Ipoze, ipime, ipashe tena robo saa, ipoze, ipime. Uzito ukibaki ule ule, imekauka. Ipozee ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika geli chini. Ukiiacha wazi mezani inavuta unyevu tena. Ukiiweka kwenye mizani ikiwa ya moto, hewa ya joto inayopanda itainyanyua sahani kidogo na utasoma uzito mdogo kuliko ulivyo.

Kupima, tumia njia ya tofauti: pima kichupa chenye unga, mimina kwenye bika safi kiasi unachokadiria kuwa gramu 5.3, kisha pima kichupa tena. Tofauti ndiyo uliyomimina, na hata punje zilizobaki kwenye kichupa hazikusumbui. Usijitese kutafuta 5.30 kamili kwa kuongeza na kupunguza punje. Hili ni kosa la kufikiri ambalo walimu wengi huwarithisha wanafunzi: kudhani kwamba myeyusho sanifu ni lazima uwe 0.0500. Myeyusho sanifu ni ule unaoujua ukolezi wake. Ukipata 5.35, andika 5.35, ukolezi ni 5.35 ÷ 106.0 = 0.0505 M, na kazi inaendelea.

Kuyeyusha kuna mtego mdogo. Ukimimina maji juu ya kabonati kavu, inaganda na kuwa donge gumu linaloshika chini ya bika, na utakaa nalo muda mrefu. Fanya kinyume: kwenye bika nyingine weka cm³ 300 za maji yaliyokenekwa yenye uvuguvugu, kisha nyunyiza unga kidogo kidogo huku ukikoroga. Bika ya kwanza isuuze na maji ya kusuuzia yaingie humo humo. Ikishayeyuka yote na maji kuwa angavu, acha ipoe hadi joto la chumba kabla ya kuihamisha. Flaski ya ujazo imechorwa alama yake kwa nyuzi 20. Ukijaza hadi alama maji yakiwa na nyuzi 40, yakipoa hadi 20 yatapungua karibu cm³ 6 kwa lita, na kosa la asilimia 0.6 litakuwa limeingia bila wewe kuona.

Hamisha kupitia faneli, ukielekeza maji kwa kijiti cha kioo. Suuza bika, kijiti na faneli mara tatu au nne kwa maji kidogo kila mara, na kila suuzo liingie kwenye flaski. Si usafi wa kupita kiasi huu: cm³ 2 zikibaki kwenye kuta za bika kati ya 300, umetupa karibu asilimia 0.7 ya kabonati yako. Flaski yenyewe haihitaji kukaushwa kabla. Maji safi yaliyobaki ndani hayana tatizo kwani unaenda kuongeza maji hata hivyo. Jaza hadi karibu sentimita moja chini ya alama, subiri dakika moja maji ya shingoni yashuke, kisha malizia kwa kitonezi, jicho likiwa usawa wa alama, mpaka sehemu ya chini ya mbinuko wa maji iguse mstari. Ukipitiliza, usichote. Ulichochota kinaondoka na kabonati ndani yake. Mwaga, anza upya. Inauma, lakini hakuna njia nyingine ya uaminifu.

Kuna hatua moja ambayo wanafunzi huidharau kuliko zote, nayo ni kuchanganya. Maji uliyoongeza mwisho yamekaa shingoni, na shingo ni nyembamba; kutikisa flaski ikiwa imesimama hakuyafikii. Funga kizibo, kishikilie kwa kidole gumba, geuza flaski kichwa chini, subiri puvu la hewa lipande hadi juu, irudishe. Fanya hivyo mara 15 au 20. Mara za kwanza, ukitazama dhidi ya mwanga, utaona nyuzinyuzi zikicheza ndani ya maji; hizo ni sehemu nzito na nyepesi ambazo bado hazijaungana. Kundi la kwanza la wanafunzi likipata jibu tofauti kabisa na kundi la mwisho kutoka chupa moja, anza kushuku hapo.

Sasa sanifisha asidi. Weka HCl kwenye bureti, baada ya kuisuuza kwa HCl hiyo hiyo, na uhakikishe hakuna puvu la hewa chini ya koki. Puvu likitoka katikati ya kazi litahesabika kama asidi. Faneli ya kujazia iondoe, maana tone likidondoka baadaye linaharibu usomaji. Pipeti isuuze kwa myeyusho wa kabonati, ila flaski ya koni isuuze kwa maji tu. Ukiisuuza kwa kabonati unaongeza moli ambazo hukuzipima. Chota cm³ 25.00, acha pipeti imwage yenyewe, gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski, na usipulize tone la mwisho: pipeti ya kawaida imepimwa tone hilo likiwa limebaki ndani. Wala usivute kwa mdomo, tumia puto.

Weka matone mawili au matatu ya methili oranji. Kiashiria kikiwa kingi rangi inakuwa nzito na mwisho wake unachelewa kuonekana. Unatafuta badiliko kutoka njano kwenda rangi ya chungwa. Ikiwa nyekundu au waridi, umepita. Karibu na mwisho CO₂ iliyoyeyuka huvuta rangi mapema. Ukitaka kuwa makini zaidi, chemsha flaski dakika moja au mbili, ipoe, rangi itarudi njano, kisha umalizie tone kwa tone. Rudia mpaka upate majibu matatu yasiyopishana zaidi ya cm³ 0.10. Lile la kwanza la kukadiria lisiingie kwenye wastani.

Tuseme ulipima gramu 5.35 na wastani wako wa HCl ni cm³ 25.90. Moli za kabonati kwenye cm³ 25.00 ni 0.05047 × 0.02500 = 0.001262. Kila moja inahitaji moli mbili za HCl (Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂), yaani 0.002524. Gawa kwa 0.02590 upate 0.0974 M. Asidi yako sasa inajulikana. Rudi kwenye ile 23.10 uliyonayo tayari: 0.0974 × 23.10 ÷ 25.00 = 0.0900 M ya NaOH. Zidisha kwa 40.0 na utaona kwamba kati ya zile gramu 4.00 ulizopima, alkali ya kweli ilikuwa sawa na gramu 3.60 hivi. Namba zako zitatofautiana na hizi za mfano, ila umbo la hesabu ndilo hilo. Na kama ungefuata ushauri wa kuongeza chembe mpaka ifike 25.00, chupa zote mbili zingekuwa 0.0974 huku zimeandikwa 0.1, na kila asidi utakayopima kwa NaOH hiyo ingeonekana imezidi kwa asilimia 2.7.

Usishangae ukibadilisha kiashiria na namba nayo ikabadilika. Kwenye methili oranji, kabonati iliyojificha ndani ya NaOH inakula moli mbili za asidi, sawa kabisa na NaOH mbili zilizoitengeneza, kwa hiyo huioni. Kwenye fenofthalini rangi inapotea kabonati ikiwa imefika nusu ya njia tu, imekuwa bikabonati, na ujazo wa asidi unapungua. Tofauti kati ya viashiria hivi viwili kwenye NaOH ile ile ni kipimo cha jinsi ilivyoharibiwa na hewa. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie fenofthalini kusanifisha asidi kwa kabonati ukitarajia uwiano wa moja kwa mbili. Utapata nusu ya ujazo.

Ukitaka kweli asidi iwe 0.100 M, kwa mfano kwa ajili ya mtihani wa vitendo wenye namba zilizopangwa, ifanye makusudi iwe imezidi kidogo, kisha uizimue. Chukua cm³ 9 badala ya 8.6, usanifishe, tuseme upate 0.1040 M, kila cm³ 500 ziongezee maji hadi 520, uchanganye, na urudie titresheni moja ya kuthibitisha. Kupunguza ni rahisi, kuongeza ni shida. Lakini kwa mazoezi ya kawaida waandikie wanafunzi 0.0974 na uwaache wahesabu nayo. Namba hiyo inawafundisha zaidi.

NaOH itunze kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Kizibo cha kioo kitaganda hutakifungua tena. Isanifishe upya kila wiki unayoitumia. Asidi ya 0.1 M ikifungwa vizuri hudumu miezi. Kwenye kibandiko andika jina, ukolezi uliopatikana kwa titresheni, tarehe, na nani aliyesanifisha.

Unapozimua, asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, penye hewa ya kutosha, miwani machoni. NaOH ni hatari zaidi kwa jicho kuliko asidi, kwa sababu inazidi kuzama ndani ya tishu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 na umpeleke mtu hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Na kama baada ya haya yote majibu matatu hayakaribiani, usiendelee kubadilisha kemikali. Chota maji kwa pipeti yako ya cm³ 25 kwenye bika kavu uliyokwisha kuipima: kwa joto la nyuzi 25 yanapaswa kuwa karibu gramu 24.9. Yakiwa pungufu sana, pipeti ina mafuta ndani au ncha imevunjika. Mizani nayo ijaribu kwa mawe ya uzito unaojulikana. Ikikataa, itahitaji fundi wa vipimo, usiifungue mwenyewe. Vyote vikiwa sawa, mwite fundi sanifu wa maabara au mwalimu mzoefu asimame pembeni yako ukifanya titresheni moja kamili, na umwombe akutazame jicho na kidole cha koki. Makosa ya mkono hayaonekani kwenye karatasi.